Jina la Kuitikia

"Mama, mweye munaitwaka Mama nani?"

Swali liliingia katikati ya mshono. Brigitte Mbuyu hakuinua kichwa. Aliacha mguu wake uendelee kukanyaga mashini mpaka sindano ilipomaliza bega la blauzi, kisha akainama, akakata uzi kwa meno. Mwanamume aliyeuliza alikuwa amekaa kwenye benchi ya wateja, magoti yake yakigusa rundo la vikwembe, yaani vitenge, vilivyokwisha kukunjwa. Wenzake walimwita Tata Henri. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na aliuliza kila jambo kama mtu anayeuliza njia tu. Dereva wake, Dodo, alisimama mlangoni akiilinda jeep yao isichezewe na watoto wa mtaa.

"Mama Abigaël," Brigitte akasema.

Haukuwa uongo. Abigaël alikuwa binti yake, anasoma Sandoa kwa shangazi yake. Lakini Abigaël alikuwa mtoto wa pili, na katika mtaa huu hakuna aliyewahi kumwita Brigitte kwa jina hilo. Mwanamke wa hapa akizaa mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linakunjwa na kutiwa chini ya sanduku pamoja na nguo za arusi. Brigitte alikuwa Mama Ezéchiel sokoni, Mama Ezéchiel kanisani, Mama Ezéchiel kwa padri. Hata marehemu mume wake, tata Mukalay, alimwita hivyo wakiwa wawili peke yao.

Na Ezéchiel ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Mambo yalianzia kwenye kitambaa. Honorable, mbunge wao, alipoleta vikwembe vya kampeni, vyenye uso wake ndani ya duara la dhahabu, aliwagawia mafundi wa Kolwezi wawashonee bamama watakaosimama barabarani siku ya kuja kwake. Kikwembe chenye uso wa mtu kina masharti yake. Mkasi haupiti juu ya uso. Ukipita, watu watasema umemroga. Uso haukunjwi kwapani. Na zaidi ya yote, uso hauangukii mahali pa kukalia. Kwa hiyo fundi anageuza kitambaa, anakipima, anakigeuza tena, mpaka uso mmoja utue tumboni na mwingine mgongoni kati ya mabega, na huko chini nyuma yabaki maua tu. Kazi hiyo ilimla Brigitte macho. Ezéchiel, ambaye alisomea pembeni mwa mashini kwa sababu pale ndipo palipokuwa na dirisha, alimtazama mama yake akihangaika hivyo wiki nzima.

Halafu akachukua simu, akajirekodi akisema, na rafiki zake wakasambaza.

"Mama yangu njo anashonaka bile bikwembe," sauti yake ilisikika mtaa wote, ikicheka. "Ananifundisha: uso ya Honorable haifae kuanguka fasi ya kukalia. Ni heshima. Bon. Mi nasema hivi: miaka tano yote alitukalia. Maji alituahidi, tulikunywa matope. Bamama, mugeuze kikwembe. Mumukalie na mweye, ata siku moja."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni ile ile wenye pikipiki za kubeba watu walikuwa wakiitana kwenye mzunguko wa barabara: mugeuze kikwembe. Hata Brigitte, aliyemgombeza mwanawe na kumnyima chai, alienda nyuma ya nyumba akacheka peke yake, kisha akapiga ishara ya msalaba. Lakini kicheko ni kama moshi, hakijui kinaingia lupango la nani, ua wa nani. Kiliwafikia wasiocheka, watu wa Honorable. Na hawa walijua mambo matatu tu: kijana anaitwa Ezéchiel, ni mwanafunzi, na mama yake ni fundi wa vikwembe. Walipita kwa fundi mmoja baada ya mwingine. Sasa walikuwa wamefika hapa.

"Ku masomo hapana," Tata Henri alikuwa amemwambia Dodo walipoingia, mbele ya Brigitte, jinsi watu wanavyosema mbele ya fundi kana kwamba yeye ni sehemu ya mashini. "Tukimukamata mbele ya banafunzi, kesho barabara itawaka. Tumungoye kwa mama yake. Mutoto anarudiaka kwa mama. Tunataka tu kuongea naye."

Kuongea tu. Mtoto wa jirani, upande wa reli, aliitwa hivyo hivyo wakati wa uchaguzi uliopita. Alirudi, lakini mpaka leo akisikia jeep anaingia chini ya kitanda.

Asubuhi hiyo Ezéchiel alikuwa kwenye mtihani wake, simu imezimwa. Saa sita angetoka. Angekuja kwa miguu kwa njia ile ile, angepitia mlango ule ule uliosimamiwa na Dodo, na neno la kwanza kinywani mwake lingekuwa kuuliza kama bukari, ugali wao, iko tayari. Brigitte alitia kipande kingine chini ya sindano. Kila aliposhona mstari mmoja alisema Salamu Maria moja moyoni, na mistari ilikuwa inakwenda upesi kuliko sala.

"Yambo Mama Abigaël."

Mkono wa Brigitte ukateleza. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Louise, muuza mkaa, ambaye kwa miaka yote waliyofahamiana hajawahi kumwita hivyo hata kwa utani. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao.

"Yambo, Mama Louise. Yako iko tayari, iko pale juu."

"Aksanti, Mama Abigaël."

Akaja mwingine, naye akasema Mama Abigaël. Kisha wa tatu, ambaye mwezi uliopita waligombana kwa ajili ya maji machafu, akasema Mama Abigaël na kuongeza kuuliza kama Abigaël anaendelea vizuri kule Sandoa. Hapo Brigitte alielewa. Jeep ilikuwa imesimama kwanza bombani, wanaume wakauliza jina, na bamama wakabeba ndoo zao wakaondoka. Hakuna aliyeita mkutano; la binti ndilo lililobaki la kuitia. Jina lilikuwa limefichwa tu, kila mtu nyumbani kwake, kama watu wanavyoingiza nguo ndani mvua ikinyesha.

Tata Henri akawauliza na wao. "Mama Ezéchiel munamujua?"

"Ezéchiel?" Mama Louise akakuna shingo. "Ile ya mu Biblia?"

"Mama, mi sichezi."

"Na mi sichezi, Tata. Ba Ezéchiel ni mingi. Kuko moja anauzaka mukate, kuko moja ya ku Manika alikufaka. Unataka gani?"

Dodo akacheka mlangoni, kisha akaacha, kwa sababu bosi wake hakucheka.

"Na siku ya kura, mutamupa Honorable?" Tata Henri akauliza, sasa kwa sauti ya kirafiki.

"Kikwembe alitupa, tutavaa," Mama Louise akajibu, akijifunga kile chake juu ya kile alichovaa ili aone urefu. "Pale nyuma ya pazia ya kura, niko paka mi na Mungu tu. Na Mungu hasemake."

Karibu na mguu wa Brigitte, kwenye kigoda, alikaa Huguette, aliyemsaidia kazi za mkono: vifungo, pindo, matundu ya vifungo. Huguette alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kufunika kinywa akicheka, kana kwamba kicheko ni kitu alichoazima. Hakuzaa. Mume alimngoja, akachoka, akaenda kuzaa kwingine. Kwa hiyo mtaani walimwita Huguette tu, jina tupu la ubatizo, au Mama Huguette kwa wale wenye huruma, na ile huruma ilimuuma zaidi. Kwenye sherehe za watoto alikaa karibu na mlango, tayari kutumwa chumvi. Tangu wale wanaume waingie hakuwa amesema neno. Alishona kifungo, akakata, akachukua kingine.

Mgodi wa karibu ukalipua mawe. Mlipuko wa kila siku: kwanza ardhi inavuta pumzi, halafu vyombo vinalia kabatini, halafu mchanga kidogo unaanguka kutoka kwenye ufa wa ukuta. Brigitte alipangusa vumbi juu ya mashini, akamwona Tata Henri akitazama saa yake.

Hapo ndipo sauti ilipotoka barabarani.

"Mama Ezéchiel. Mama Ezéchiel, kikwembe yangu iliisha, ao nikuye uchi mbele ya Honorable?"

Alikuwa Laurentine, kiongozi wa bamama wa chama katika mtaa, ambaye watu walimwita Mama Présidente. Siku hiyo hakupita bombani. Alitoka misa ya asubuhi akaenda moja kwa moja kufagia kwenye ofisi ya chama, simu yake imezimwa tangu kanisani, na sasa alikuwa anakuja kama anavyokuja siku zote, akiita tangu mbali ili mashini isimzidi sauti.

Mguu wa Brigitte ukasimama. Gurudumu la mashini likazunguka kidogo lenyewe, likasimama nalo. Tata Henri aliinua kichwa polepole. Dodo akageuka kutoka mlangoni, akatazama ndani, akihesabu nyuso.

"Eeh, karibu," sauti ikasema. "Iliisha. Nilikuwa namalizia paka bifungo tu."

Alikuwa Huguette, na hakuinua hata macho. Alivuta uzi, akafunga fundo, akalikata.

Laurentine akaingia, mwili wake mkubwa ukiziba mwanga. Alimtazama Huguette. Akamtazama Brigitte, ambaye alikuwa amechukua pini za kumpimia na kuzishika kati ya midomo, kama afanyavyo kila mara. Akawaona wanaume.

"Mama Présidente," Tata Henri akasema, akisimama nusu kwa heshima. Walifahamiana ofisini. "Ni vizuri ulifika. Huyu mama njo Mama Ezéchiel?"

Kidole chake kilimwonyesha Huguette.

Sasa ni lazima ieleweke Laurentine alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa wa chama kwa ajili ya fulana. Kaka yake alipofia mbali, kwenye machimbo, ndugu wote walizima simu zao. Honorable ndiye aliyetoa gari la kumleta, na alisimama mwenyewe kaburini, kwenye jua, mpaka mwisho. Tangu siku ile Laurentine aliweka picha yake sebuleni, chini kidogo ya Moyo Mtakatifu. Alikuwa pia mtu asiyesema uongo. Alikuwa akiwafundisha watoto katekisimu, na amri ya nane aliifundisha akiwa ameshika fimbo.

Macho yake yakashuka sakafuni.

"Kwanza toa kiatu yako pale," akasema.

Tata Henri akatazama chini. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye rundo, na kisigino chake kilikuwa katikati ya duara la dhahabu, juu ya paji la uso la Honorable. Akauondoa mguu upesi, akainama, akakiokota, akakipangusa.

"Pardon, Mama."

"Usiniombe mi."

"Bon. Lakini nimekuuliza."

"Umeniuliza nini? Mi niliita. Yee aliitika. Unataka nikufundishe tena nini?"

Tata Henri akamgeukia Huguette. "Sasa juu ya nini hukusema tangu mwanzo, mama? Niko hapa naulizauliza kama mujinga."

"Hukuniuliza mi, Tata. Uliuliza fundi. Mi siko fundi, nashonaka paka bifungo."

"Mutoto yako iko wapi?"

"Alitoka. Atarudia. Njaa itamurudisha."

"Tuende kwako basi. Tutamungoya pale. Dodo, we ubakie, hii mizigo ikiisha uipakize."

Huguette akavua kile chuma cha kidole cha kushonea, akachomeka sindano begani kwenye blauzi yake, akasimama na kukung'uta nyuzi mapajani. Brigitte alitaka kusimama. Alijua maneno yenyewe: Tata, ni mimi. Maneno mepesi. Lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa pini. Pini hutemwa mara moja, mkononi au sakafuni. Hakuzitema.

Mlangoni Huguette akageuka. "Mama Abigaël, ile kola unimalizie." Kisha akamwambia Tata Henri, kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni, "Unakulaka sombe? Juu mutoto yangu anakawiaka."

Wakatoka. Lupango la Huguette halikuwa mbali, nyuma ya kanisa dogo la Waprotestanti. Waliokuwa ndani walisikia nyayo zao mpaka zilipokwisha.

Brigitte alimpeleka Laurentine nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Dodo alibaki kwenye benchi, mbali kwa hatua chache, akipiga mluzi. Laurentine akavua blauzi yake ya kanisani, akanyoosha mikono, na kikwembe kipya kikamshukia, uso mmoja tumboni, uso mwingine mgongoni.

"Sema, ni nini hii," akanong'ona.

Brigitte akamweleza kwa maneno machache, pini zikipungua kinywani moja moja. Alipofika kwenye yale maneno ya kukalia, mwili wa Laurentine ukakauka chini ya mikono yake, kwani hakuna mtaani aliyethubutu kumsikilizisha yeye ile sauti.

"Alisema vile? Mutoto niliyemufundisha Baba Yetu?"

"Alisema."

"Ana mudomo mubaya."

"Najua."

"Mi Honorable nitamupigia kura na mikono mbili. Usifikiri."

"Sifikirie, Mama Présidente."

"Na nikimupata Ezéchiel nitamuchapa, ata kama ana ndevu." Laurentine akatazama ukuta. Shingo yake ilikuwa na jasho. "Lakini mi nitamuchapa na fimbo yangu. Si bale. Iko wapi?"

"Ku examen. Anatoka saa sita. Kasaji kuko ndugu ya baba yake."

"Ataenda na nini?"

Brigitte akafungua kifundo cha kikwembe kiunoni mwake, akamtilia Laurentine mkononi pesa alizokuwa nazo, bila kuzitazama. Kisha akamgeuza mgongo, kana kwamba anapima urefu, na kwa sauti kubwa akasema, "Hapa iko muzuri. Inatembea."

Laurentine akatoka nyuma ya pazia. Alijizungusha polepole mbele ya Dodo, mkono kiunoni.

"Mama Présidente, umependeza," Dodo akasema, na alimaanisha.

"Nitaenda kupita kule ku institut. Kuko banafunzi banachekaka Honorable. Wacha baone."

"Nikubebe na jeep?"

Brigitte akainama kuokota pini.

"Jeep ya nini? Nani ataniona mu jeep? Nitatembea katikati ya barabara." Na akaenda hivyo, mzito, akitikisika, Honorable mbele na Honorable nyuma. Hapana mtu wa chama mjini ambaye angemsimamisha.

Sasa palibaki kungoja. Brigitte alirudi kwenye mashini, na kwa kuwa kungoja kwa mikono mitupu kungemwonyesha, alishona. Alishona mishono ambayo ilikuwa tayari imeshonwa.

"Mama Abigaël," Dodo akaita baada ya muda. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye kuchoka na kukaa. "Abigaël njo wa kwanza?"

"Njo yule aliye Sandoa."

"Iko na bandugu?"

Mashini ilikwenda mstari mzima. "Mungu alinipa, akachukua," Brigitte akasema. "Nilizika mutoto kabla hajatembea."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anaitoa ile maiti ndogo kaburini ili imlinde ndugu yake, na alijua anachofanya.

"Pole, Mama," Dodo akasema, akavua kofia. "Mama yangu vilevile, ku Kamina. Analiaka mpaka leo." Kisha, baada ya kufikiri: "Mi sina shida na ule kijana, unajua. Ata mi nilicheka. Lakini ukiambiwa endesha, unaendesha."

"Na ukiambiwa ufunge mulango wa jeep?"

Dodo alikizungusha kile kikofia mikononi.

Kengele ya saa sita ikapigwa parokiani. Brigitte alisimama, akasali Malaika wa Bwana kwa sauti, na Dodo, bila kutazamiwa, akaitikia. Njiani watu walianza kupita: wanafunzi wa shule ya msingi wenye sare za bluu na nyeupe, mwenye baiskeli ya mkaa, kisha kijana mrefu mwenye shati jeupe na karatasi chini ya kwapa. Dodo akainuka kutoka kwenye benchi. Kijana akakaribia, akatazama ndani, akapita. Hakuwa yeye. Brigitte aligundua kwamba alikuwa ameshona kipande cha kitambaa pamoja na mkono wa gauni lake mwenyewe, akaukata ule uzi kabla Dodo hajageuka.

Mawingu yalikuwa yameshuka Laurentine aliporudi. Walimsikia kabla ya kumwona, akigombana na barabara.

"Angalia," akasema mlangoni, akipanua kikwembe. Matope mekundu yalikuwa yamemrukia tangu goti mpaka tumboni. Honorable alikuwa na tope kwenye jicho moja na lingine kwenye paji. "Ile camion ya Kasaji. Ilipita mbio, ikaniona kabisa, ikanirushia."

Brigitte alishikilia meza ya mashini. "Ilikuwa imejaa?"

"Ilijaa. Mihogo, mbuzi, bantu. Ilienda." Alikuwa akihema, na sauti yake ikawa ya chini. "Lakini bantu bamoja ata ukibaambia kuenda, banauliza maswali. Banauliza, na Mama Huguette? Na yee? Mpaka unabasukuma na mikono."

Dodo, ambaye hakulijua jina hilo, alicheka, akidhani anasema habari za abiria na nafasi zao. "Bantu ya hapa banasumbuaka."

"Sana," Laurentine akasema. Akaketi kwenye kigoda cha Huguette, akaanza kukwangua tope kwenye uso wa Honorable kwa ukucha, taratibu, akianzia kwenye jicho. "Sana."

Walipakiza vikwembe. Dodo akasema atapeleka mizigo ofisini, halafu atarudi kumchukua bosi pamoja na yule kijana, akifika. Brigitte akaitazama jeep ikiondoka. Kisha akachukua ile kola ambayo Huguette aliiacha, akajitupia kitambaa kichwani na kwenda.

Barabara ya nyuma ya kanisa dogo haikuwa na watu wengi kwa kawaida. Leo ilikuwa kama siku ya soko; habari ilikuwa imekwisha kupita bombani. Mama Louise alipita na mkaa wake, ingawa wateja wake wako upande mwingine. Alipofika kwenye ukingo wa lupango la Huguette, ua wa matete usiofika kifuani, akapaza sauti.

"Yambo Mama Ezéchiel."

"Yambo sana, Mama Louise," Huguette akajibu kutoka ndani.

Nyuma yake akaja mwingine na ndoo. "Mama Ezéchiel, habari ya leo?"

"Muzuri, mama. Na we?"

Brigitte alisimama nje ya ua. Huguette alikuwa ameinama motoni, akisonga bukari. Tata Henri alikaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile, koti limevuliwa, sahani tupu iko miguuni pake. Alikuwa amekula, na shibe ilikuwa imemlegeza mabega, lakini macho yake hayakutoka barabarani.

"Anakawia kweli," akasema.

"Nilikuambia."

"Anafananaka nani? Nimujue akiingia."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Brigitte alishika matete ya ua. Aliona mgongo wa Huguette, mwembamba, na sindano ikiwaka kidogo begani kila alipopumua. Alidhani sasa itakwisha.

"Anafanana mi," Huguette akasema. "Bantu banasema baba yake, lakini ni mi. Siku alizaliwa alikuwa na nywele, Tata, nywele mingi, mpaka muuguzi akaita benzake bakuye baone. Nyeusi, inashuka mpaka hapa." Alijigusa shingoni kwa mkono wenye unga. "Nililia nikasema, huyu ni wa nani. Bakasema ni wako."

Ezéchiel wa Brigitte alizaliwa na kichwa kitupu kama yai.

"Hakutambaa," Huguette akaendelea. Mwiko ulikuwa unatembea tena. "Alikaa tu, akaangalia, siku moja akasimama. Usiku anakohoaka, namupaka mafuta kifuani. Samaki hapendi, anaogopa mifupa. Akicheka anafunika kinywa. Namuambia toa mukono, uko na meno muzuri, hasikii."

Tata Henri alikuwa ameacha kutazama barabara. Alikuwa anamtazama yeye.

"Unamupenda," akasema.

"Ni mutoto wangu."

Brigitte akasukuma mlango wa matete, akaingia. Huguette aligeuka, akaona kola mkononi mwake, akaona uso wake, na kwa jinsi alivyoushusha mwiko ilijulikana kwamba alikuwa amesoma humo kuwa kijana amekwisha kuondoka. Hakuuliza neno. Brigitte hakusalimu kwa jina. Alitandika kikwembe chake chini, karibu na moto, akakaa bega kwa bega naye, kama wanavyokaa bamama penye msiba au penye mtoto mchanga.

Huguette akachukua sahani safi, ya mtoto anayekawia. Akaitia bukari, akailainisha juu kwa mkono uliolowa maji, akaweka sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, pembeni, sehemu nono, kisha akaifunika kwa sahani nyingine ili isipoe. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka kwenye majivu. Akainuka, akaibeba ile sahani kwa mikono miwili, akaipeleka chini ya ukingo wa paa, mahali pakavu, na kuigeuza kidogo ili ielekee barabarani.